Mahali pa Juhudi: Neema na Matendo katika Ukristo wa Ufipa

Swali la uhusiano kati ya neema ya Mungu na juhudi ya mwanadamu katika wokovu limekuwapo tangu nyaraka za Mtume Paulo zianze kusomwa makanisani, na mara nyingi huulizwa kwa namna inayolipotosha kabla halijajibiwa, kwa kuwa muulizaji hutaka kujua ni fungu gani la wokovu hufanywa na Mungu na ni fungu gani huachiwa mtu. Mafundisho rasmi ya karibu makanisa yote yanaukataa mgawanyo wa namna hiyo. Hata hivyo kanisa haliishi kwa mafundisho peke yake. Linaishi pia kwa daftari la wabatizwa, vipindi vya katekisimu, kadi za zaka na taratibu za mazishi, na humo ndimo inamojitokeza imani halisi ya waamini kuhusu jambo hili. Uwanda wa Ufipa, ambao mji wake mkuu ni Sumbawanga katika Mkoa wa Rukwa, unafaa sana kwa uchunguzi wa aina hiyo, kwa sababu ulipokea Ukristo wa Kikatoliki kupitia mojawapo ya mifumo migumu zaidi ya maandalizi ya ubatizo katika historia ya misheni za Afrika, kisha ukapokea Wamoravian, Walutheri na Wapentekoste, kila kundi likiwa na namna yake ya kueleza lini na wapi mtu anatakiwa kujibidisha. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba tofauti kubwa kati ya mapokeo hayo iko katika mahali juhudi inapowekwa katika safari ya mwamini, zaidi ya kiasi cha juhudi inayodaiwa.

Ni vema istilahi zieleweke mapema. Neema, katika matumizi ya kitheolojia, ni upendeleo wa Mungu ambao mtu hakuustahili, pamoja na nguvu inayotokana na upendeleo huo ndani ya mtu mwenyewe. Wakatoliki husisitiza zaidi nguvu hiyo ya ndani, na Waprotestanti husisitiza zaidi upendeleo wenyewe. Kuhesabiwa haki ni tendo la Mungu la kumpokea mwenye dhambi kuwa mwadilifu mbele zake, na utakaso ni kukua kwake katika uadilifu huo. Mastahili, neno lililozua magomvi mengi kuliko yote, ni haki ya kupata thawabu inayotokana na tendo jema lililofanywa na mtu ambaye tayari yumo katika neema. Juhudi, kwa maana inayotumika katika uchambuzi huu, ni kila anachokifanya mtu kwa hiari yake kuelekea wokovu: kujifunza, kutubu, kusali, kuacha mienendo fulani, kutoa mali na kuwatendea wengine mema.

Maandiko yenyewe hayampi msomaji njia ya mkato. Paulo anawaandikia Waefeso kwamba wokovu ni zawadi isiyotokana na matendo, na kwa Wafilipi anawahimiza waumini wautimize wokovu wao kwa hofu, kisha papo hapo anaeleza kwamba Mungu ndiye atendaye ndani yao kutaka kwao na kutenda kwao. Yakobo naye anakataa imani isiyo na matendo. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio, mtawa aliyetoka Uingereza na kukaa Roma, alichukizwa na ulegevu wa Wakristo waliotumia udhaifu wa kibinadamu kama kisingizio, akafundisha kwamba Mungu hawezi kuamuru lisilowezekana, na hivyo mtu anao uwezo wa asili wa kutii. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alijibu kwamba utashi uliojeruhiwa na dhambi ya asili hauwezi hata kutamani wema ipasavyo bila kuponywa kwanza, na Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ulilaani mafundisho ya Pelagio. Yohane Kasiano na watawa wa kusini mwa Ufaransa walitafuta njia ya kati, kwamba Mungu hukamilisha lakini pengine mtu huanza. Mtaguso wa pili wa Orange, mwaka 529, ulikataa hata hilo na kufundisha kwamba mwanzo wa imani, pamoja na shauku ya kuamini, ni kazi ya neema. Inafaa kukumbushwa, kwa kuwa husahaulika, kwamba Pelagio hakuwa mtu wa mzaha: hofu yake kwamba neema ikihubiriwa vibaya huzaa uvivu wa kiroho imerudi katika kila karne, na imerudi Ufipa pia.

Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha sita cha tarehe 13 Januari 1547, ulilijibu dai la Martin Luther kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani pekee kwa hati yenye sura 16 na kanuni 33. Hati hiyo inafundisha mambo mawili yanayotakiwa kushikwa pamoja: kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahili neema hiyo, na kwamba mtu mzima aliyeguswa na neema inayotangulia hujiandaa kwa hiari, akiwa na uwezo wa kuikataa. Namna mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja haikuelezwa. Wadominiko walioongozwa na Domingo Báñez na Wajesuiti waliomfuata Luis de Molina walibishana juu yake mbele ya tume ya kipapa kuanzia mwaka 1598, na mwaka 1607 Papa Paulo V alifunga shauri bila kumpa ushindi yeyote, akikataza pande hizo zisiitane wazushi. Uamuzi huo wa kutoamua ni miongoni mwa hatua za busara zaidi katika historia nzima ya mabishano haya, kwa kuwa uliwaachia watu wa kawaida nafasi ya kuishi fumbo ambalo wasomi walishindwa kulifungua.

Ukristo ulipofika Ufipa haukukuta watu wasio na mawazo juu ya kazi na nguvu isiyoonekana. Wafipa walimjua Leza, Muumba, na waliishi chini ya falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na nasaba ya Watwa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadhaa kuhusu jamii hiyo, alieleza jinsi bidii ya kazi ilivyothaminiwa kuwa kipimo cha utu. Kilimo cha matuta ya ntumba kilionyesha bidii hiyo: mvua zinapoelekea ukingoni, ardhi yenye nyasi hupinduliwa kwa jembe na kurundikwa ili nyasi zifukiwe na kuoza, na msimu unaofuata udongo huo uliorutubika husambazwa na kupandwa ulezi. Wafua vyuma nao walijenga tanuru ndefu za udongo, malungu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, na ujenzi na uchomaji wake viliambatana na dawa na miiko, ikiwemo kujitenga na tendo la ndoa. Hakuna fundi aliyedhani dawa ingeyeyusha mawe bila mkaa, wala mkaa bila dawa; ujuzi na nguvu isiyoonekana havikuhesabiwa kuwa wapinzani. Katekista anayefundisha juu ya neema kwa mfano wa mkulima wa ntumba, ambaye hulima bila kuweza kuileta mvua, anasema jambo la kweli, ila mfano huo una kasoro ambayo Mtaguso wa Orange ungeiona mara moja: unamwachia mkulima mkono wake mwenyewe, wakati mafundisho yanadai kwamba hata nguvu ya mkono na nia ya kulima vimetolewa.

Mapadri Weupe, ambao jina lao rasmi ni Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, walikabidhiwa mwaka 1885 kituo cha Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ufipa, kilichokuwa kimejengwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kutoka Karema na vituo vya ufukoni, misheni ilipanda hadi uwandani chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika tangu mwaka 1891 hadi kifo chake mwaka 1917. Wakristo wa kwanza wa vituo hivyo walikuwa kwa sehemu kubwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani kwa nguo na bidhaa, kwa fedha zilizochangwa Ulaya, hasa baada ya kampeni ya Lavigerie dhidi ya biashara ya watumwa ya mwaka 1888. Kwa watu hao fundisho la ukombozi lilikuwa na maana iliyogusika: mwingine alilipa, nao wakawa huru bila kuchangia chochote. Lakini waliokombolewa walilelewa katika vijiji vya misheni, walifundishwa kazi, waliozeshwa humo na walitarajiwa kuwa Wakristo, na mkosoaji ana haki ya kuuliza kama zawadi inayoambatana na matarajio mengi kiasi hicho bado ni ya bure.

Maisha ya Adrien Atiman yanalifanya swali hilo liwe gumu kujibiwa kwa neno moja. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akanunuliwa na Mapadri Weupe huko Algeria, akabatizwa na kupelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa tabibu katekista, na hapo alihudumu hadi alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 65, akitibu wagonjwa, akifundisha dini na kulea familia ambayo mmoja wa wanawe alipata upadri. Mtu anayetafuta faida ya malipo katika maisha hayo ataiona, kwani misheni ilipata mtumishi wa thamani kubwa mno. Lakini Atiman angeweza kuondoka, na hakuna fidia inayochukua miaka 65 kulipwa. Kwa lugha ya Trento, tendo la kwanza lilikuwa la bure kabisa, na yaliyofuata yalikuwa ushirikiano, yaani kutenda kwa hiari ndani ya kile ambacho mtu amekwisha kupewa. Jambo linalostahili kuangaliwa ni mpangilio: kwa Atiman na wenzake, ukombozi ulitangulia na juhudi ikafuata.

Kwa Wafipa huru wa uwandani mpangilio uligeuzwa. Lavigerie, aliyekuwa amefundisha historia ya Kanisa katika chuo cha Sorbonne kabla ya kuwa askofu, alikuwa na imani kwamba Kanisa la karne za kwanza lilifaulu kwa sababu halikuharakisha kubatiza, na aliwaamuru wamisionari wake wafuate ukatekumeni wa miaka minne. Ukatekumeni ni muda wa mafunzo na majaribio ya mtu mzima kabla ya ubatizo. Katika miaka miwili ya kwanza mtu alikuwa mwombaji tu, akijifunza mambo ya msingi juu ya Mungu mmoja na amri zake. Katika miwili iliyofuata alikuwa katekumeni kamili, na mafumbo ya ndani zaidi, hasa sakramenti, yalifunuliwa polepole kuelekea mwisho. Alitakiwa kuhudhuria, kukariri, kuacha hirizi, kuwa na ndoa ya mke mmoja, na kupita mtihani. Aliyeteleza aliweza kurudishwa nyuma. Wakati ambapo misheni nyingine zilibatiza baada ya miezi michache, mfumo huu ulionekana mkali kupita kiasi, lakini ulidumu, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoagiza ukatekumeni urudishwe katika Kanisa lote, kisha ibada yake mpya ikatolewa mwaka 1972, uzoefu wa Afrika ulikuwa miongoni mwa vielelezo.

Mtu anayeutazama mfumo huo peke yake atahitimisha kwamba misheni za Ufipa zilikuwa za Kipelagio katika utendaji: ubatizo ulipatikana kwa kuufanyia kazi. Hitimisho hilo linavunjwa na desturi nyingine iliyokwenda sambamba nayo katika vituo hivyohivyo. Mtoto mchanga aliyekuwa akikata roho alibatizwa mara moja na padri, sista, katekista au tabibu kama Atiman, na kama hao hawakuwapo, na mtu yeyote mwenye nia ya kutenda linalotendwa na Kanisa. Mtu mzima aliyekuwa mahututi alihitaji kuelezwa kweli chache za msingi, kuzikubali na kuonyesha majuto, na miaka minne ikakunjwa ndani ya dakika chache. Kazi mojawapo ya matabibu makatekista, kwa mujibu wa mpango wa Lavigerie, ilikuwa hasa kufika kwenye vitanda vya namna hiyo. Katika misheni nyingi desturi hiyo ilizua hofu kwamba maji ya ubatizo huua, kwa kuwa waliomwagiwa walionekana wakifa muda mfupi baadaye, na mapadri walilazimika kueleza mara kwa mara kipi kilitangulia kipi.

Desturi hizo mbili, zikiwekwa pamoja, zinaeleza theolojia ya neema kwa ufasaha kuliko katekisimu yoyote. Kama miaka minne ingekuwa bei ya ubatizo, anayekufa angekuwa amepewa kitu ambacho hakukilipia, na Kanisa lingekuwa limemdhulumu katekumeni mzima aliyekuwa bado akisubiri. Lakini anayekufa hakupewa ubatizo wa daraja la chini. Alipewa uleule, na mtoto mchanga asiyejua lolote alihesabiwa kuwa ameingia mbinguni moja kwa moja. Ina maana juhudi ya miaka minne haikununua kitu. Ilidaiwa kwa mwenye muda kwa sababu alikuwa na muda, na kwa sababu neema aliyokuwa akienda kuipokea ingetakiwa kuishi ndani ya ndoa yake, shamba lake na ugomvi wake na jirani. Na kama katekumeni alifariki ghafla kabla ya siku yake, mafundisho yalikuwa na jibu lililo tayari tangu Mtakatifu Ambrosi wa Milano, kwamba tamaa ya ubatizo, ambayo Trento pia inaitaja, hufanya kazi ya ubatizo panapokosekana nafasi.

Hayo ni mafundisho. Namna yalivyosikika kwa anayefundishwa ni suala jingine, na hapa wamisionari hawawezi kuondolewa lawama yote. Mtu aliyeahirishwa ubatizo kwa kukosa vipindi, akamwona mwenzake mwenye kumbukumbu nzuri akitangulia, hakuwa na njia rahisi ya kutofautisha sharti na bei, hasa kwa kuwa taasisi zote nyingine za kikoloni zilizomzunguka, kuanzia kodi hadi cheti cha shule, zilifanya kazi kwa kulipa kwanza na kupata baadaye. Lavigerie mwenyewe alikuwa ameyachunguza kwa karibu mabishano ya Wajanseni, wafuasi wa askofu Cornelius Jansen ambaye kitabu chake cha mwaka 1640 kilifundisha kwamba neema haipingiki na watu wachache ndio wapewao, na ambao waliwafanya waamini waogope kuisogelea Komunyo wasije wakaipokea bila kustahili. Aliyapinga makosa yao katika mihadhara yake ya Paris. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu huyo aliunda mfumo ambao, ukishikwa na padri mkali, ungeweza kuzaa hofu ya aina ileile kwa njia tofauti kabisa.

Kilichopunguza makali hayo Ufipa, kwa kadiri inavyoweza kukisiwa, ni mazingira ya kifamilia yaliyoizunguka misheni. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu familia za Wafipa na uinjilishaji katika eneo la Nkansi, ameonyesha jinsi misheni ilivyoingia katika nafasi ya mlezi: desturi ya watoto kuhama mapema kutoka nyumba ya wazazi na kulala pamoja na wenzao au kwa bibi ilifanya bweni la shule na nyumba ya malezi ya masista visionekane vigeni, na padri alitarajiwa kutoa na kutunza kama mzazi. Katika uhusiano wa namna hiyo mtoto hachumi haki ya kulishwa, na bado hutumwa maji na kuni; anayekataa kutumwa hafukuzwi mezani, bali huambiwa kwamba amesahau yeye ni nani. Huenda kwa sababu hiyo eneo hilo limetoa mapadri na masista wengi, wakiwemo wa shirika la Maria Malkia wa Afrika lililoanzia katika vikarieti hiyo, bila waamini wake kuonekana kusumbuliwa sana na swali la nani alifanya fungu lipi. Mabishano ya Báñez na Molina yangewashangaza.

Lakini hamu ya utakaso wa haraka, usio na miaka minne, haikutoweka. Mwaka 1963 na 1964, Willis aliona Ufipa ikipitiwa na Kamchape, harakati ya kuondoa uchawi iliyokuwa na mizizi katika vuguvugu la mchape lililoenea kutoka Nyasaland katika miaka ya 1930. Vikundi vilivyoongozwa na vijana vilifika kijijini, wakazi wakakusanywa, wenye kudhaniwa kuwa wachawi wakatakiwa kusalimisha vifaa vyao, na watu wakapewa dawa kwa malipo, ili kijiji kizima kianze upya kikiwa safi. Wengi wa walioshiriki walikuwa wamebatizwa. Kamchape inaweza kutazamwa kama ushirikina uliosalia, lakini inafaa zaidi itazamwe kama jibu mbadala kwa swali lilelile la wokovu: utakaso wa mara moja, kwa wote, kwa kiingilio kinachojulikana, bila mtihani na bila kurudishwa nyuma. Ilimwondolea mtu juhudi ya muda mrefu, ila haikumpa zawadi, kwa sababu palikuwa na ada. Na ilikuwa na upungufu ambao hakuna dawa iliyoweza kuuponya, kwamba usafi wake ulithibitishwa kwa kumtafuta mchafu, ambaye kwa kawaida alikuwa mzee wa kijiji.

Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891 na ambao tangu mwaka 1986 wana jimbo la Rukwa lenye makao yake Sumbawanga, walileta historia tofauti ya swali hili. Kanisa lao, lililofufuliwa Herrnhut huko Ujerumani chini ya ulinzi wa kabaila Nikolaus von Zinzendorf, liliweka damu ya Kristo katikati ya mahubiri kiasi kwamba mwamini alikatazwa kutafuta uhakika wa wokovu ndani ya maendeleo yake mwenyewe. Katika ushirika wa Fetter Lane jijini London, Philipp Heinrich Molther alikwenda mbali zaidi, akafundisha kwamba asiye na imani kamili akae kimya, asishiriki Meza ya Bwana wala asitegemee sala na usomaji wa Maandiko, mpaka Mungu mwenyewe atakapompa imani. John Wesley, ambaye alikuwa amesaidiwa sana na Wamoravian kufikia tukio lake la kiroho la Mei 1738, aliyaona mafundisho hayo kuwa hatari na akajitenga nao mwezi Julai 1740. Kwa Wesley, sala na Meza ya Bwana ni njia ambamo neema humjia hata asiyeamini bado; kwa Molther, kuzitumia kabla ya imani ni kujaribu kujiokoa. Ukatekumeni wa Lavigerie ungekuwa kwa Molther kosa tupu, na kwa Wesley ungekuwa busara.

Upande wa Walutheri, mgogoro wa karne ya 16 ulipunguzwa sana na Tamko la Pamoja juu ya fundisho la kuhesabiwa haki, lililotiwa sahihi Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999 kati ya Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake na ambalo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba aliwahi kuwa rais wake. Wakatoliki walieleza humo kwamba wanapozungumzia ushirikiano wa mtu katika kujiandaa, ushirikiano huo wenyewe ni tunda la neema. Walutheri walieleza kwamba wanapomwita mtu mpokeaji tu, hawakanushi kwamba anaweza kukataa wala kwamba anaamini kwa nafsi yake yote. Laana za karne ya 16 zikatamkwa kuwa hazimhusu mwenzi aliye upande wa pili leo. Kwa mwamini wa Sumbawanga tamko hilo limepita karibu kimyakimya, kwa kuwa ndoa ya mseto, ubatizo wa mtoto na mahali pa kuzikwa ndivyo vinavyomgusa, na mambo hayo tamko halikuyagusa.

Vuguvugu la uamsho wa Afrika Mashariki, lililoanzia Gahini nchini Rwanda na Uganda kuelekea miaka ya 1930, pamoja na makanisa ya Kipentekoste yaliyokuja baadaye, yamelihamisha swali kutoka miaka kwenda saa. Aliyeokoka anaweza kutaja siku, kwa kuwa wokovu hupokelewa kwa toba na ungamo la wazi, bila daftari la mahudhurio. Huo ni ushindi wa wazi wa neema, na umewapa watu wengi waliokuwa wamekwama katika masharti ya ndoa nafasi ya kusikia kwamba wanapokelewa. Juhudi, hata hivyo, haikuondoka. Ilihamia baada ya saa hiyo, katika kukesha, kufunga, kushuhudia, kuacha pombe na kujikagua kusiko na mwisho kama kweli mtu bado amesimama, kwa kuwa aliyeokoka jana anaweza kurudi nyuma kesho. Pale mahubiri ya mafanikio yalipoingia na mwamini akaambiwa apande mbegu ya fedha ili avune muujiza, mzunguko umerudi karibu na mlango wa Kamchape, ada mkononi, na ni vigumu kuona jinsi Augustino au Luther angelitambua jambo hilo kuwa ni neema.

Ukatoliki wa Ufipa nao umebadilika. Wabatizwa wengi sasa ni watoto wachanga wa wazazi Wakristo, hivyo ukatekumeni wa miaka minne si njia ya wengi tena, na juhudi imesogezwa hadi katika maisha yote ya baadaye kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970. Jumuiya ni mahali ambapo neema huonekana kwa macho, mgonjwa anapopikiwa na mfiwa anapopokelewa. Lakini katika parokia nyingi za Tanzania jumuiya pia ndiyo inayothibitisha kwamba mtu anahudhuria na analipa zaka, na uthibitisho huo huombwa anapotaka ubatizo wa mtoto au ndoa, na mara nyingine ndugu zake huulizwa habari hiyo anapokuwa amekwisha kufariki na padri anaitwa kumzika. Wachungaji hujitetea kwamba mazishi si sakramenti, kwamba asiyetaka kuwa mwanajumuiya akiwa hai hawezi kulazimishwa kuwa mmoja wao akiwa maiti, na kwamba bila msimamo huo watu watakuja kanisani siku ya jeneza tu. Hofu hiyo ni ya Pelagio na, kama yake, haikosi msingi.

Hata hivyo inageuza mpangilio ambao misheni ya kwanza iliulinda kwa makini. Wakati wa Lechaptois, ukali ulikuwa kwa mwenye afya na muda, na kadiri kifo kilivyokaribia masharti yalipungua hadi kubaki maji na maneno machache. Sasa hesabu ya michango huweza kuwa nzito zaidi pale ambapo mhusika hawezi tena kufanya lolote. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinawataka waamini wachangie mahitaji ya Kanisa, lakini katika kanuni ya 1184 zinawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa kuwa ni walioiasi imani hadharani, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa maiti kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungekuwa kwazo, tena ikiwa tu hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Kutolipa zaka hakumo katika orodha hiyo, na kanuni ya 1181 inaagiza kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1183, iliyo jirani na hizo, inasema kwamba katika mambo ya mazishi makatekumeni wahesabiwe sawa na waamini, na kwa kanuni hiyo Mfipa aliyefia katikati ya ukatekumeni wake, kabla ya ubatizo, kabla ya kadi yoyote, ana haki ya kuzikwa na Kanisa ambalo alikuwa bado hajaingia.